Niambie Mahari

Jumatatu, 10 Agosti 2009
Siku kubwa! Nimeingia Facebook rasmi. Lenah wa saiba, pale tunapolipia intaneti, ameskani picha niliyopigwa studio nikiwa na koti la Anko Jotham, nyuma yangu pazia lililochorwa ghorofa na ndege. Nikamwomba afute chunusi. Amefuta chunusi zote, na pua kidogo. Sijawahi kupendeza hivi! Binamu yangu Mukhwana, aliyekuja likizo kutoka Bumula, ameuliza huyo ni nani. Wivu tu. Mtu wa Bumula, hata r na l zinamchanganya.

Jumatano, 12 Agosti
Wangu amekubali urafiki! Binti wa Mzee Muigai mwenye hadwea, lile duka la misumari na saruji. Ananijua kwa picha tu, na amesema niko smati. Lazima tukutane. Lakini niandike kistaarabu, nisionekane mshamba. Nikafikiri sana, nikatuma: "Sasa Wangu. Niambie mahari, tutapatana." Fupi. Ya kiume.
Mukhwana alichungulia, akasema nimekosea herufi. Nikamwambia arudi Bumula akakamue ng'ombe.

Alhamisi, 13 Agosti
Amejibu! "Ati mahari? Si hiyo ni haraka bana! Wacha niulize buda." Msichana wa heshima namna gani! Kutoka kidogo tu, anaomba ruhusa kwa baba. Nimejipaka limau usoni, chunusi ziishe kabla ya siku yenyewe. Inawasha ajabu.

Jumamosi, 15 Agosti
Balaa! Mzee Muigai amefika kwetu Matisi, picha yangu mkononi. Lenah ndiye aliyemwelekeza, msaliti! Amemuuliza Mama ni wazee gani watakuja kuzungumza mahari, maana bwana huyu ameanza peke yake kwenye kompyuta. Mama akaacha kumimina chai. Mimi nilikuwa mlangoni, uso umevimba kwa limau. Mzee akanitazama, akatazama picha, akanituma nimwitie kaka yangu mkubwa.
Sina kaka.
Mama amenivuta sikio mbele ya mgeni. Wangu, nasikia, amecheka mpaka akakaa chini. Nimeumia. Nimelia chooni, na machozi juu ya limau ni moto mtupu.

Jumatatu, 17 Agosti
Nimetafakari. Mzee alishindwa kunitambua, kwa hivyo picha ilikuwa kamili! Nimemwambia Lenah safari hii apunguze na masikio. Mukhwana amerudia wimbo wake wa herufi. Sikumsikiliza. Nimemwandikia Wangu ukutani kwake pale Facebook, watu wote waone, mambo yaishe: "Samahani Wangu. Mimi sikusema mahari. Nilisema mahari."