Malalamiko ya Msaga Ngano Kuhusu Shetani wa Kasisi

Kinu cha Wenlow,
Novemba 1672

Mheshimiwa Kasisi Ambrose Thirkell,

Baada ya salamu, na heshima ninayolazimika kukupa, nakuandikia kuhusu utenzi wako wa vita vya mbinguni, ule unaotusomea kanisani kila Jumapili baada ya ibada ya jioni. Ulituahidi kwamba utatufundisha utii. Nikakuamini, nikamleta mke wangu Dorcas na binti yetu Hester, wakakaa benchi la mbele. Leo nyumbani kwangu hakuna anayetii isipokuwa punda, naye ni kwa sababu hakuletwa kanisani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Shetani wako ni mzuri mno. Nilitegemea pembe, mkia na harufu mbaya. Wewe umetuletea jemadari mwenye majeraha, anayewalilia askari wake na kusimama wima katikati ya moto. Akianza kusema, watu wanaacha hata kukohoa. Mungu wako naye huongea kama wakili anayesoma mkataba wa shamba, na malaika watiifu hawana kazi ila kuitikia na kupuliza tarumbeta. Jumapili iliyopita Malaika Mkuu alipoanza hotuba yake, mzee wa kanisa alilala mpaka wigi likamwanguka. Usisingizie uchovu. Ulimlaza wewe.

2. Bwana Simon Thorold, binamu wa mwenye ardhi yetu, ameomba kumwoa Hester. Ni mtu wa heshima. Kweli, amezika wake watatu, na meno aliyobaki nayo hayakutani, lakini ana kiti chake mwenyewe kanisani. Nilikubali kwa niaba ya binti yangu, kama baba yeyote. Hester akaweka ufagio chini, akaniambia, “Baba, goti langu halikuumbwa kwa ajili ya sakafu yake.”

Nikamuuliza maneno hayo kayatoa wapi.

“Kwa kasisi,” akasema. “Pale Mwasi anapokataa kusujudu.”

Nikamwambia huyo Mwasi ndiye Shetani.

“Najua, Baba. Lakini Malaika Mkuu hakunipa hata neno moja la kumjibu Bwana Simon.”

Nikatoka nje kuangalia gurudumu la kinu, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

3. Tangu tuoane, Dorcas amekuwa mtu wa “sawa, Baba Hester.” Nilipomwagiza amkanye mwanawe, alinijibu bila kuacha kukanda unga: “Mkanye mwenyewe. Mimi nilinyamaza nilipoozwa, na hakuna aliyenitungia utenzi.” Nimeuliza watu. Maneno hayo hayamo katika kazi yako. Kayatunga mwenyewe. Maana yake, mheshimiwa, uasi wako umeanza kuzaa.

4. Kwenye kilabu cha pombe wanaume wanagombania kuwa Mwasi. Mhunzi Jabez Stroud hutamka maneno yake akiwa juu ya meza. Malaika hakuna anayetaka kumwigiza, hata kwa ofa ya bia.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, umtengeneze upya huyu kiumbe. Mpe kigugumizi. Mpunguzie kimo. Ashindwe walau hoja moja, na ashindwe na mtu mwenye akili, si na radi, maana radi haijibu hoja. Watiifu nao uwape maneno ambayo msichana anaweza kuyatumia jikoni. Ikiwa kipaji chako hakifiki huko, tusomee zaburi, ambazo hukuziandika wewe. Usiponisikiliza nitamwandikia Askofu.

Nisalimie dada yako Bi Lettice, wanakwaya, mpiga kengele, na majirani zako wote wa upande wa mto.

Ni mimi, katika utii,
Josiah Pegg, msaga ngano

N.B. Nilikuwa sijaifunga barua hii msimamizi wa mashamba ya mwenye ardhi yetu alipoingia. Hakuvua kofia. Alisema harusi ni Alhamisi, na Hester asipofika kanisani, sisi tutalala barabarani. Hester alikuwa amesimama karibu na meko, mkono wa mama yake begani. Nilifungua kinywa ili nikubali. Nikajisikia namwambia yule bwana atoke nyumbani kwangu, akampelekee tajiri wake ufunguo wa kinu kama anautaka, ila binti hapewi. Sijui nilikuwa namuiga nani. Dorcas amekwisha kufunga matandiko, kesho tunahamia kwa dada yake.

Tafadhali usimguse Mwasi. Ila nijulishe jambo moja kabla hatujaondoka, kwa kuwa sehemu hiyo hujatusomea: asubuhi ya kwanza baada ya kufukuzwa, watu wake wanapoamka na kumtazama, anawaambia nini?