Darasa la Kung'arisha la Ndugu Hamduni

Kila asubuhi Hamduni alikaa kwenye ngazi ya chumba chake cha kupanga, mtaa wa Kitaji, akapiga kiwi viatu vyake. Soli zilikwisha kitambo, lakini juu viling'aa, na Hamduni aliamini kwamba watu wengi hawatazami soli. Asubuhi ile kiatu kimoja kilikuwa mguuni na kingine mkononi, mara pikapu nyeusi aina ya Pijo ikasimama mbele yake na kuvimwagia vyote viwili vumbi.

Akashuka Ndugu Apolinary, katibu wa chama kimoja cha ushirika upande wa Bunda, mtu mwenye tumbo la heshima. Hakuomba radhi. Alikuwa akilitazama gari lake kwa uchungu. Rangi ilikuwa imepauka kama goti la mtoto asiyepakwa mafuta.

"Jumamosi kuna msafara wa wageni kwenda Butiama," alimwambia mwenye duka jirani. "Nikienda na kitu hiki wataniweka nyuma ya ng'ombe."

Mdomo wa Hamduni ulikuwa na tabia ya kuanza safari bila kumuaga mwenyewe. "Ndugu Katibu," mdomo ukasema, "rangi hiyo haijafa. Imelala. Mimi ninayo mashine ya kuiamsha."

Mashine alikuwa nayo kweli. Aliipata Mwanza kwa kubadilishana na redio isiyosema, na mpaka leo hakuwa na uhakika nani alimpiga mwenzake. Ilikuwa nzito kama mwanambuzi, ina waya mrefu, na mbele kuna sahani ya manyoya inayozunguka. Aliwahi kuiwasha mara moja tu. Ilimburuta hadi kwenye nyanya za mama mwenye nyumba, na tangu hapo yeye na mashine walikuwa wakiheshimiana kwa mbali.

Katibu akakubali kulipa, gari lije Ijumaa. Sasa kazi afanye nani? Akili yake ikamletea jibu ambalo yeye mwenyewe alilisikiliza kwa mshangao. Ulikuwa mwaka wa kampeni ya elimu ya watu wazima, madarasa yanafunguliwa hadi sokoni. Hamduni akatangaza darasa la kung'arisha magari kwa mashine, kwa wasiojua kabisa. Wanafunzi watatoa ada ili wafundishwe, Katibu atatoa malipo ili gari ling'ae, na mwalimu atasimama kando mikono nyuma. Huo, alijiambia, ndio ujamaa: kila mtu anafanya kazi, isipokuwa yule mmoja wa kuwatia moyo.

Walijiandikisha wawili. Mwikwabe, mkulima wa pamba, alilipa jogoo. Wankyo, msichana wa kijiji cha Murangi mwenye sauti ya chini, alileta furushi la ningu, samaki wa ziwani, wakavu.

"Wewe ufundi wa magari wa nini, binti?" Hamduni alimuuliza.

"Kijiji chetu kilikuwaga na gari, Mwalimu. Tulililimia pamba wote. Lilikuwa linabeba samaki kuleta mjini, na kina mama waliopatwa na uchungu. Mwaka jana likapelekwa matengenezo, tukaambiwa limekufa. Dada yangu alibebwa kwa machela. Hakufika." Akafunga tena kitenge chake. "Mimi nataka gari lirudi. Ndiyo maana nimeanza na magari."

Hamduni akalipokea furushi kwa mikono miwili. Halafu, kumwita Mwalimu! Katika mkoa ule jina hilo haligawiwi ovyo, na lilimkaa mabegani kama koti la marehemu.

Somo la kwanza lilifanyika kwenye ua wa gereji, juu ya mlango wa gari bovu. Mwikwabe aliikumbatia mashine kama ndama anayepewa dawa, akaisimamisha mahali pamoja. Moshi ukatoka, rangi ya buluu ikaondoka, chini kukatokea nyekundu ya zamani.

"Vizuri sana," alisema Hamduni, aliyekuwa amejificha nyuma ya pipa. "Mmeona kosa. Mashine inatembea. Ukikaa hapohapo, unaichoma rangi."

"Na mtu akikaa makusudi?" Wankyo aliuliza.

"Atakuwa mjinga, binti."

Ijumaa pikapu ikaletwa. Watu wa sokoni walijaa uani kutazama, na Ndugu Apolinary akaketi mbele yao kwenye kiti cha kuazima, mkono kwenye tumbo.

"Mwalimu, tuonyeshe wewe kwanza," alisema Wankyo. "Anza na mlango."

"Kweli," alisema Mwikwabe. "Jogoo wangu umeshamla, na sijakuona hata unashika waya."

Watu wakacheka. Hamduni akatafuta njia ya kutokea. Kote kulikuwa na watu. Akamimina dawa ya kung'arishia kama mtu anayemimina uji, akabonyeza swichi, na nusu ya dawa ikaruka kwenye shati lake, nusu kwenye miwani ya Katibu.

"Hapo bado pana doa, Mwalimu. Kandamiza," alisema Wankyo.

Akakandamiza.

"Usihame."

Somo lilikuwa la kwake mwenyewe, alilijua. Lakini hakuwahi kutazamwa na mtu kana kwamba anajua kitu, na kwa ajili ya macho ya binti hakuhama. Harufu ikampanda puani. Mashine ikamshinda nguvu, ikamburuta kutoka bawaba hadi kitasa, na ilipozimwa, mlango mweusi ulikuwa na mkanda mpana mweupe wenye herufi za kijani.

Ndugu Apolinary alimfikia kabla ya wengine, akamwinamia sikioni. "Sema ni alama ya kiwandani. Wewe ndiye fundi, watakuamini. Sema hivyo tu, gereji nitakufungulia mimi."

Hamduni akamgeukia Wankyo. Binti hakumbembeleza.

"Gari letu nililitambua siku nyingi kwa mlio wake," alisema kwa sauti ileile ya chini. "Ila nani angenisikia? Nikatafuta mtu wa kulivua nguo mbele za watu. Nisamehe, Mwalimu. Wewe ndiye ulikuwa rahisi."

Ametapeliwa, tena kwa ningu aliowala mwenyewe na kuwasifu. Akajipangusa dawa usoni, akasubiri mdomo wake utangulie kama kawaida. Haukutangulia. Ilimbidi aseme mwenyewe.

"Ndugu zangu, mimi si fundi. Mashine hii naiogopa, na nilichowafundisha hawa nilikijua pamoja nao. Lakini kusoma najua. Hapa pameandikwa Kijiji cha Ujamaa Murangi. Gari ni lao."