Mizani ya Duka la Dawa

Jumatatu, 4 Machi

Kilo sabini na moja na nusu! Juzi zilikuwa sabini kamili. Nilikwenda duka la dawa kununua plasta tu, nikapanda tena mizani kupoteza muda, nikashangaa kwa sauti. Binti muuza dawa akaacha kupanga chupa, akaniuliza baba, umekula nini tangu jana? Swali hilo sijaulizwa tangu mke wangu aende kumlea mjukuu. Aliaga kwa majuma matatu tu. Sasa ni miezi minane. Nikamsimulia chakula chote, kuanzia chai. Akasikiliza! Dakika kumi na mbili. Mimi ni fundi saa, sikosei.

Jumanne, 5 Machi

Mpango: uzito ubadilike kila siku, maswali yasiishe. Maji glasi sita. Mifukoni bisibisi zote na saa tatu za wateja. Sabini na tatu na robo! Binti akasema nisidhani ni mafuta, lita moja ya maji ni kilo nzima, na chumvi huyazuia maji mwilini. Anaeleza vizuri mno. Nilitaka kuuliza zaidi, ila zile glasi sita zilikuwa zimefika mlangoni. Nikatoka mbio, mifuko ikilia kama njuga.

Jumatano, 6 Machi

Nimeshinda njaa tangu jana mchana. Sitini na tisa na nusu. Ushindi! Lakini kiti changu pale dukani kimekaliwa. Mwalimu mstaafu, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, yule wa kofia. Naye anajipima! Kapungua gramu mia mbili, anasimulia kama anatangaza mpira. Binti anacheka. Dakika ishirini! Nikajifanya nasoma karatasi ya dawa ya minyoo. Nimeisoma mara nne.

Alhamisi, 7 Machi

Vita. Jana jioni karanga za chumvi, pakiti nne. Leo mabuti ya mvua. Sabini na nne! Mwalimu ana sabini na mbili tu. Nikamtazama kwa dharau. Binti akaniomba nivue mabuti. Soksi ya kushoto ina tundu, kidole nje. Hakucheka. Akaniuliza kwa sauti ya chini:

“Baba, nyumbani unaishi na nani?”

Nikasema tuko wengi. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 8 Machi

Binti kaniita kando. Kasema uzito hupanda na kushuka kila siku kwa maji, chumvi, chakula kilichomo tumboni, hata choo. Kilo moja au mbili si ugonjwa. Nijipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula, nimeshatoka msalani, na nguo nyepesi.

Mara moja kwa wiki! Hizo siku sita nifanye nini?

Nikarudi kibandani kwangu. Saa zote ukutani zinatembea, hakuna anayeuliza ni saa ngapi. Nikampigia mke wangu, nikamwambia uzito wangu hautulii. Akasema nile vizuri, mtoto analia. Akakata.

Jumamosi, 9 Machi

Mwalimu kaja kibandani. Hakuleta saa. Alisimama akizungusha kofia mikononi. Naye kaambiwa mara moja kwa wiki. Akasema tangu mkewe afariki, jioni zimekuwa ndefu. Kama nina nafasi, tuwe tunatembea hadi darajani, kisha chai kwake.

Mjanja huyu! Anataka kunipunguza uzito kwa miguu. Nikamwambia wateja wamenizidi. Akatazama benchi la wateja, tupu. Akasema haya, siku nyingine basi. Nikamchungulia akienda taratibu mpaka kona.

Nimemshinda.

Jumapili, 10 Machi

Chai imepoa nikiwaza. Hatimaye kosa langu nimeliona: nilichagua kipimo kibaya. Kumbe presha hubadilika kila saa, si kila siku! Kesho naanza. Nitapanda ngazi mbio kwanza, ipande vizuri. Na presha haipimwi hivi hivi. Lazima mtu akushike mkono.