Nyumba ya Somanda na Mama Aliyekuja Nayo

Jumanne, 1 Agosti 1995

Wifi Felisita kaanza tena. Leo ni kuni. Eti kuni za kuchemshia maji ya mtoto zimezidi za ugali wa watu wazima. Milembe wangu ana miezi kumi, hajui hata kuni ni nini! Nikamjibu kimoyomoyo. Nilimjibu vizuri sana, bahati yake hakusikia.

Mwaka wa pili huu tunakaa chumba cha uani, kwa dada wa mume wangu. Yatosha. Mume wangu Mashimba yuko Maswa, anawapimia pamba hawa wanunuzi binafsi waliomiminika tangu biashara ifunguliwe. Ameniachia pesa ya pamba yetu, akaniagiza nitazame nyumba. Nitazame tu. Nisilipe mpaka arudi.

Nimetazama. Somanda, vyumba vitatu, bati bila kutu, kuta zimesiribwa zikapakwa chokaa. Mwenyewe ni Mzee Ndaki. Anauza haraka, naye anataka kuingia kwenye kununua pamba. Nikamwuliza mbona bei rahisi hivyo. Akamtazama Milembe, akasema ni kwa ajili ya mjukuu. Mzee mwenye huruma kiasi hicho, utamwulizaje zaidi?

Alhamisi, 3 Agosti

Nimeropoka, wifi amejua. Kaweka sahani chini, akaanza. Nyumba ni yake au ya ukoo? Imewekwa rehani? Majirani wanaijua mipaka? Mke wake amekubali? Tena niende kwanza kwa wakili, Shinyanga huko. Maswali yote hayo, mtu aliyeishia la nne! Mimi nimemaliza la saba.

Nimemstukia. Anaitaka yeye. Mimi nikipanda basi la Shinyanga, yeye anakwenda Somanda. Hanipati ng'o!

Hata hivyo jioni nilipita kwa Mzee Ndaki kuuliza habari za mkewe, nisije nikasemwa. Kasema mkewe yuko Migato, anavuna pamba ya shamba lao, hana neno lolote. Basi. Limekwisha.

Ijumaa, 4 Agosti

Kwa Kasmiri, yule anayewaandikia watu barua na mikataba kwa mashine, nje ya Mahakama ya Mwanzo. Analipwa kwa ukurasa. Kila akiuliza swali anaondoa vidole kwenye mashine, anakutazama. Nikaelewa mchezo. Maswali mengi, kurasa nyingi.

Nikawa najibu upesi upesi. Mwuzaji ndiye mwenye mali? Ndiyo. Haina deni? Haina. Mke ameridhia? Mzee Ndaki akaanza kukohoa. Nikamsaidia: ameridhia, tena kwa furaha. Kasmiri akanitazama juu ya miwani, akauliza kama mke mwenyewe ndiye mimi. Nikasema siye, ila wanawake tunaelewana.

Wakatakiwa mashahidi. Majirani wa Somanda wangetaka soda, halafu habari zingemfikia wifi. Nikapata wawili palepale, wanangoja kesi yao. Mmoja kaibiwa mbuzi, mwingine ndiye anayeshtakiwa kwa wizi huo. Siku nzima hawakukubaliana jambo ila kunishuhudia mimi.

Ukurasa mmoja tu, pesa nikamhesabia Mzee Ndaki palepale! Nina nyumba!

Jumapili, 6 Agosti

Tumehama baada ya ibada. Wifi kanibebea godoro kichwani, akafika akazunguka nyumba kutazama mipaka. Wivu huo.

Milembe kashika ukuta, akaachia, akasimama peke yake. Mara ya kwanza! Kwenye nyumba yetu! Nimelia kidogo. Nikamwambia hapa hakuna wa kukuhesabia kuni, mama.

Jumanne, 8 Agosti

Mchana kaja mgeni. Mama mtu mzima, gunia la michembe, vile viazi vya kukausha, kichwani. Mwadila, mayu, nikamsalimia kwa Kisukuma, habari za mchana, mama. Nikampokea mzigo, nikampa uji. Kauliza mimi mtoto wa nani, nimekuja kusalimia lini. Nikamwambia hapa ni kwangu. Kacheka mpaka akafuta machozi, akasema wasichana wa siku hizi wana utani. Kisha akauliza chungu chake kikubwa kiko wapi.

Mama Nyanjige. Mke wa Mzee Ndaki!

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema Ndaki anaweza kuuza baiskeli yake, hata meno yake akipata mteja. Lakini kuta hizi kazisiriba yeye kwa mikono yake, na hakuna aliyemwuliza. Akatandika mkeka chumba cha kati. Akaniambia nisiwe na hofu, kwao mgeni hafukuzwi.

Mgeni! Mimi!

Mzee Ndaki haonekani.

Jumatano, 9 Agosti

Lazima atoke. Mbinu ya kwanza, moshi. Nikawasha kuni mbichi. Kashukuru, kasema moshi unaua mchwa wa kwenye paa, nimelelewa vizuri. Aliyekohoa mpaka jioni ni mimi.

Mbinu ya pili, kelele. Nikamwacha Milembe alie. Kambeba mgongoni, kamwimbia Kisukuma, mtoto fofofo. Msaliti.

Mbinu ya tatu ndiyo ya akili. Mtu hamfukuzi mwanawe! Nikaanza kumwita mayu kila neno, kama ninavyomwita mama yangu mzazi. Nikamchotea maji, nikamsongea ugali, nikamkanda miguu. Jioni naye ananiita mwanangu, kanipa michembe bakuli zima.

Kaingia mtegoni!

Alhamisi, 10 Agosti

Kumbe mayu alishtaki. Baraza la kata limetuita sote, hata Mzee Ndaki kaletwa. Mwenyekiti kauliza ni nani aliyesema mke ameridhia. Kasmiri kanyoosha kidole. Nikageuka kutazama nyuma yangu, hakukuwa na mtu.

Kauliza mashahidi wako wapi. Mmoja kafungwa, mwingine yuko porini anamtafuta mbuzi.

Basi akasema sheria ya ndoa haimruhusu mume kuuza nyumba ya familia bila mkewe kuridhia, na mkataba wangu unafaa kufungia maandazi. Mzee Ndaki auze ng'ombe wake, arudishe pesa yote.

Nikaona ndio wakati. Nikasimama, nikamkumbusha mayu mbele ya watu kwamba mimi ni mwanawe, aridhie sasa hivi. Naye akasimama. Kasema kweli, ni mwanangu, nampenda, na huyu mjukuu ndio kabisa. Ila tangu lini mtoto akanunua nyumba ya mama yake? Mtoto anakaa tu. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, nikaacha katikati.

Ijumaa, 11 Agosti

Mashimba karudi. Mayu alimwona kwa mbali tu, kajitupia kanga usoni, kakimbilia nyuma ya nyumba, anapiga kelele: mkwe! mkwe! Mume wa mwanawe ni mkwe wake, hawawezi kulala chini ya bati moja. Ni mwiko. Ningejuaje kwamba mbinu ya tatu ina mkia?

Mashimba kasimama uani na begi lake. Kaniuliza polepole ni kitu gani hasa nilichonunua.

Kaenda kulala kwa Wifi Felisita, chumba kilekile cha uani. Wifi kanitumia salamu: nafasi yangu ipo, kuni nije na zangu.

Jumanne, 15 Agosti

Ng'ombe wameuzwa, pesa imerudi. Anayo Mashimba, halali bila kuipapasa. Kanikataza kutazama nyumba, hata kwa mbali. Nami nimerudi chumba cha uani. Milembe anamlilia bibi yake wa Somanda, wifi anahesabu kuni.

Nimetazama moja tu. Nilikuwa napita! Sakafu ya saruji, vyumba vinne. Mwenyewe ni kijana, Leonidas. Sasa najua la kuuliza, sidanganyiki tena. Nikamwuliza ana mke? Hana. Mchumba? Hana. Amewahi kuwa naye? Hajawahi, akaapa. Ukutani kuna picha ya mzee mmoja na mama na watoto wao. Leonidas anasema hawajui, aliikuta. Anataka tumalize kabla ya mwisho wa mwezi, maana kila mwisho wa mwezi kuna mzee huja kumsumbua kwa pesa. Maskini, hata mimi najua kusumbuliwa.

Nimempa vitenge vyangu viwili vya harusi kama kianzio. Mashimba nitamwambia mambo yakiiva.

Wifi angekuwepo angeuliza kama nyumba ni yake kweli. Ufunguo anao mfukoni, nimeuona kwa macho yangu! Nyumba ingekuwa si yake, ufunguo angeupata wapi?