Kipimo cha Upole

Kwa furaha isiyo kifani, Idara ya Usalama wa Michango ya Ibada ilitangaza kwamba watu wenye itikadi kali hawatachangisha tena hata senti mtandaoni. Mkurugenzi alikuwa amegundua siri yao: wana hasira. Basi kila ombi la mchango lingepimwa hasira kwanza, daraja kwa daraja.

Wa kwanza kunaswa alikuwa shangazi yake mwenyewe, mshona nguo, aliyekuwa akichangisha mabati ya nyumba ya ibada kabla mvua hazijaanza.

"Shangazi, kwenye video umefoka," Mkurugenzi alimwambia ofisini, akikwepa macho yake.

"Nisifoke paa linavuja? Umelelewa chini ya paa lile, na hata bati moja hujatoa!"

"Katibu, umesikia? Daraja la tatu hilo."

"La nne, mheshimiwa. Amegonga meza."

Mchango ukazuiwa. Roho ilimuuma Mkurugenzi, lakini alijipongeza kwa kutopendelea ndugu.

Mchana likaja ombi la kikundi cha Ndugu wa Amani, la visima kwa ajili ya yatima. Msemaji wao aliongea kama anayebembeleza mtoto alale. Njiwa wakarushwa. Hasira: hakuna kabisa. Mkurugenzi alifuta machozi, akaidhinisha, kisha akatoa nusu ya mshahara wake. Picha yake ikawekwa juu ya ukurasa wao: Mfadhili Mkuu.

Kisima hakikuchimbwa hata kimoja. Polisi walipovamia ghala la hao ndugu walikuta bunduki hadi darini, na njiwa wamefungiwa kwenye tundu.

Kamati aliyoiunda Mkurugenzi mwenyewe ikamwita.

"Mheshimiwa, huyu pichani ni wewe?"

"Mnaniuliza mimi? Nyie wote nimewaajiri mimi!" alifoka, akigonga meza.

Katibu alishika kalamu kwa masikitiko makubwa. "Daraja la nne."

Akaunti zake zikafungwa, naye akawekwa rumande. Ndugu na marafiki wote wakawa na shughuli nyingi ghafla. Aliyekuja ni shangazi, na chupa ya chai, kanga imelowa mvua.

"Mwanangu, nimekuanzishia mchango wa wakili."

Mkurugenzi alishindwa kujizuia, akalia. "Watu wamechanga?"

"Watachangaje? Mchango umezuiwa. Wanasema nimefoka."

"Si ungeongea kwa upole, shangazi!"

"Nilianza kwa upole," alisema, akimmiminia chai. "Halafu nikakumbuka mabati."