Ng'ombe za Shangazi na Tarumbeta ya Internet

Leo nimepata haya mbele ya watu na mbele ya ng'ombe. Haya ya watu nimeizoea. Ya ng'ombe inauma zaidi, sababu ng'ombe anakuangalia huku anatafuna, bila haraka, kama ana siku nzima ya kukudharau.

Acha nianze mwanzo, kabla Bahati hajaleta uongo wake humu kwenye grupu.

Prof wetu wa biolojia munamujua. Ametoka Goma, ana simu mbili, na mambo yote ya dunia ameyagawa mafungu mawili: yale yaliyo kwenye internet, na porojo. Wiki iliyopita akatuambia kila mmoja atafute kwenye internet ajabu moja ya mnyama, kisha aifanyie ekspoze mbele ya darasa. "Na mulete preuve, ushahidi," akasema. "Tuione kwa macho. Ajabu bila preuve ni porojo."

Kwangu ile ekspoze haikuwa mchezo. Pointi zangu za biolojia zilikuwa zimelala chini kama mbwa mgonjwa. Papa alishanipa hukumu mapema: "Dodo, ukianguka biolojia, likizo yote unaenda kuchunga ng'ombe za shangazi yako."

Nyinyi munaokaa mjini munafikiri kuchunga ng'ombe huku Masisi ni kusimama kwenye kilima kijani, fimbo begani, upepo unakupiga picha. Hapana. Ni mvua, baridi, matope, na shangazi. (Mvua, baridi na matope vinavumilika.)

Basi nikapanda kilima cha network. Kwetu network inakamata pembeni ya jiwe moja tu, na wiki ile nusu ya shule ilikuwa pale kila jioni, mikono juu na simu, utasema ni kesha la maombi. Wengine wanatafuta simba. Wengine papa wa baharini. Mimi nikatafuta kitu chenye preuve ya karibu, na Mungu wa wavivu akanionyesha video.

Muzungu mmoja mzee amekaa kwenye kiti katikati ya majani. Anapuliza tarumbeta. Ng'ombe wako mbali kule, vidoti vidoti. Anapuliza. Wanainua vichwa. Anapuliza. Wanakuja wote, wanajipanga mbele yake kama korali ya kanisa inayongoja padri. Chini imeandikwa: ng'ombe hupenda muziki.

Nikasema njo hii, ndiyo yenyewe. Malisho ya shangazi yangu, Mama Zawadi, yanagusana na uwanja wa shule. Kati yake na sisi kuna senyenge tu, na ile senyenge iko na uzee kuliko prefe, mkuu wetu wa shule. Preuve yangu inakula majani nyuma ya darasa kila siku na hailipi hata karo ya shule.

(Munauliza kama nilijaribu kwanza. Ile video ilikuwa imependwa na watu wengi sana. Nijaribu nini?)

Leo asubuhi ekspoze zikaanza. Esther akafungua na pweza: eti iko na mioyo mitatu.

"Preuve?" Prof akauliza.

"Iko mu bahari, Prof."

"Na bahari iko wapi?"

Esther akaonyesha dirisha, upande wa Walikale. Prof akamupa kumi juu ya makumi mbili, sababu alionyesha kwa uhakika.

Bahati akafuata. Yeye kwao ni Walikale kweli, kwenye pori kubwa, na alikuja mwaka huu tu. Akasema konokono anaweza kulala miaka mitatu. Akaweka konokono juu ya meza.

"Huyu hapa, Prof. Amelala."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Tungojee."

Prof akamupa kumi na tano, kwa ajili ya uvumilivu.

Nikasimama. Nikavuta shati langu jeupe vizuri. Nikasema, "Prof, na wandugu wote, preuve yangu haiingie mu darasa. Mutoke inje." (Kumbukeni hayo maneno. Preuve haiingii mu darasa.)

Tukatoka. Nilikuwa nimeazima bafle ya korali yetu, ile spika kubwa, kwa ahadi kwamba haitaguswa na vumbi. Nikaiweka pembeni ya senyenge, nikaunganisha simu. Prof akatoa simu yake moja, akaanza kufilimu. Nikatoa hotuba fupi juu ya akili ya ng'ombe, nusu yake niliizua palepale. Kisha nikabonyeza.

Tarumbeta ya muzungu ikajaa bonde lote. Ndege wakaruka. Mbuzi wa prefe akakata kamba.

Ng'ombe za shangazi hazikuinua hata sikio.

Nikaongeza sauti. Mmoja akanya. Darasa likaandika.

"Labda ng'ombe yetu haisikiyake tarumbeta ya Kizungu," Esther akasema nyuma yangu, kwa ile sauti ya kuhurumia ambayo ni mbaya kuliko matusi.

"Dodo," Prof akaniita, "hii inaanza kuwa porojo."

Nikaona likizo yangu inaondoka. Niliiona kabisa, inashuka kilima, na viatu vya mvua. Jasho likanitoka, shati likanishika mgongo.

Hapo njo Bahati akaniokoa, Mungu amulipe anavyostahili. "Shida ni kwamba muziki yako haina ngoma," akasema. "Hata miye siwezi kuicheza." Akachukua bidon la njano, lile dumu la maji ya kunawa mikono, akalimwaga. Akaokota kijiti. Akaanza kupiga: ko-ko-ko, ko-ko-ko.

Bihogo, ule ng'ombe mkubwa wa shangazi anayetangulia wengine, akainua kichwa.

Akapiga tena. Vichwa vyote vikainuka. Wakaanza kutembea. Kisha wakaanza kukimbia.

Wapendwa, nililia ndani ya moyo. Nikageukia darasa, nikawapa ng'ombe mgongo, nikainama kama msanii. "Munaona?" nikasema. "Sayansi."

Darasa likaanza kucheka. Nikadhani ni furaha. Nikainama tena. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Wote wale ni watoto wa ng'ombe na maziwa, isipokuwa Prof na Bahati. Mimi pia ni mtoto wa ng'ombe na maziwa, lakini leo nilikuwa mwanasayansi.

Nikasikia senyenge inakatika. Nikageuka. Bihogo akaipita ile bafle bila hata kuisalimia. Akaenda moja kwa moja kwa Bahati. Akaingiza pua kwenye mdomo wa bidon.

Hapo akili yangu ikarudi nyumbani. Siku ya munyu, ile chumvi ya ng'ombe, shangazi anasimama mlangoni mwa zizi na bidon la njano. Anapiga ko-ko-ko. Ng'ombe zinakuja mbio, zinapewa munyu, zinalamba mpaka zinafunga macho. Nimeona hiyo tangu sijaota meno. Nimekunywa maziwa ya hiyo.

Bahati akatupa bidon, akakimbia. (Kwao wanajua nyani. Ng'ombe ni habari nyingine.) Bidon lilikuwa tupu. Bihogo akalipindua, akalinusa, akaangalia huku na huku, nani ana munyu hapa. Na mimi nilikuwa nimesimama pale, nimelowa jasho kutoka kichwa mpaka soksi.

Ulimi wa ng'ombe ni kama tupa ya fundi. Akanilamba shavu. Mwingine akanilamba shingo. Watatu wakaanza na shati. Nikarudi nyuma, wakanifuata. Nikakimbia darasani, wakanifuata. Nikapanda juu ya meza ya Prof, na mkono mmoja wa shati langu ukabaki nje, mu kinywa cha ndama.

Darasa likajaa ng'ombe. Kuna mmoja aligundua ubao. Akalamba chaki yote, ile somo ya jana, kuanzia kichwa cha habari mpaka tarehe, na alisoma kwa makini kuliko sisi. Mwingine akala boksi zima la chaki. Prof alikuwa amepanda dirishani, miguu inje, na bado anafilimu. "Ajabu," alikuwa anasema. "Ajabu kabisa. Zimemufuata mpaka mu darasa."

Konokono wa Bahati alikuwa juu ya ile meza, karibu na mguu wangu. Bado amelala. Nilimuonea wivu.

Ndipo shangazi akatokea mlangoni. Shangazi akikasirika hapigi kelele. Anaongea polepole.

"Nani ameita ng'ombe yangu?"

Shule nzima ikanionyesha kidole.

"Uliwaita kwa bidon?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ulikuwa na munyu?"

"Hapana, shangazi. Nilikuwa na muziki."

Akaniangalia muda mrefu. Bihogo naye akaniangalia. Wanafanana sana wakikasirika, sijui kama ni dhambi kusema hivyo.

"Basi," shangazi akasema, "wape hiyo muziki walambe."

Prof akachungulia kutoka dirishani. "Mama, usikasirike. Huyu mutoto wenu ametuletea preuve kubwa. Ng'ombe zinapendaka muziki, si ni kweli?"

Hapo ndipo maisha yangu yalikuwa yanapimwa. Shangazi akisema neno moja tu, munyu, pointi zangu zinakwenda na ng'ombe. Nikamuangalia. Nikaunganisha mikono juu ya kifua, pale juu ya meza, na shati la mkono mmoja.

Shangazi akaangalia bafle kule inje. Akaangalia Prof. Akatabasamu, na mimi nikaogopa zaidi.

"Kweli kabisa, Prof," akasema. "Zinapendaka sana muziki. Na huyu mutoto, zinamupenda kupita muziki."

Prof akanipa kumi na tisa juu ya makumi mbili. Moja aliikata kwa ajili ya ubao.

Nikashuka kwenye meza nikiwa mtu huru. Nikaenda kumushukuru shangazi. Akanishika sikio, kwa upole, akanisogeza karibu.

"Nimekuokoa ile ya shule," akasema. "Sasa sikia ile yangu. Ng'ombe aliyeitwa kwa munyu akakuta uongo, kesho nikipiga bidon hakuji. Atalala inje, na mwizi anamungojea. Mwenye kumudanganya njo atamurudishia imani. Kila asubuhi, wewe, bidon, na munyu mu mkono, mpaka Bihogo akuamini."

"Na hiyo inachukua muda gani, shangazi?"

"Bihogo? Iko na kinyongo. Uhesabu likizo yote."

Papa alipoona pointi alifurahi mpaka akaita majirani. Kisha shangazi akafika na kumueleza. Papa akafikiri kidogo. "Biolojia umeipita," akaniambia. "Sasa uende pratiki."

Sasa niko juu ya kilima, pembeni ya jiwe, nawaandikia. Prof ameshaweka video yake kwenye internet: "Masisi: ng'ombe wapenzi wa tarumbeta." Kipande cha bidon amekikata, eti kilikuwa kinaharibu muziki. Imeshapendwa na watu wengi. Naomba musiwe kati yao. Na anayetaka kucheka, acheke kidogokidogo, sababu upepo huku unaleta sauti mpaka kwa Bihogo.

Chini ya video kuna mwanafunzi wa Goma ameuliza kama hiyo habari ni kweli, maana ana ekspoze Jumatatu, na mjomba wake ana ng'ombe.

Nimemujibu: "Ni kweli kabisa, dada. Ila beba munyu."