Mvutano Uliotangulia

Alhamisi, 12 Oktoba 2017
Fedheha. Miaka kumi na moja mimi ni mwenyekiti wa klabu ya kutazama nyota hapa mjini Cascina, na leo Loretta Ghelardi, mwalimu wa hesabu, kanikosoa hadharani. Nilisema jua likitoweka, dunia itaponyoka papo hapo. Akasema hapana, mvutano wa jua nao husafiri, kwa kasi ileile ya mwanga. Tungelizunguka jua lisilokuwepo dakika nane nzima. Nikamuuliza nani ataweza kuzunguka kitu ambacho hakipo. Akajibu:
"Mbona sisi tunakuzunguka wewe kila Alhamisi, Mwalimu Nevio?"
Walicheka mpaka mweka hazina akapaliwa. Uchaguzi wa mwenyekiti ni Jumanne, na Loretta anagombea.

Ijumaa, 13 Oktoba
Nina mpango. Huko mashambani kuna mtambo wa kunasa mawimbi ya mvutano, mabomba mawili ya kilomita tatu tatu. Kesho wageni wanaruhusiwa. Nitasimama mbele ya skrini yao, yenye mstari unaoruka mvutano ukipita. Binamu yangu Duilio atapita kando ya bomba na trekta, tela limejaa maboga, uzito wa kutosha kuvuta. Akifika usawa wa bomba ananipigia simu. Simu huja kwa kasi ya mwanga. Mstari wa skrini ukiruka kabla simu haijalia, Loretta kwisha. Duilio kauliza atapata nini. Nimemwahidi umakamu. Kauliza kama makamu hulishwa.

Jumamosi, 14 Oktoba
Mstari uliruka! Simu ikalia sekunde nne baadaye. Nikawatangazia wageni kwamba mwanga umeshindwa. Akaja mtafiti mmoja, Dokta Ilaria Menconi, akauliza kwa adabu trekta ni la nani. Kumbe ardhi ndiyo iliyotikisika kwa magurudumu; mvutano haumo kabisa. Na zile sekunde nne? Duilio alikuwa anatafuta miwani ili alione jina langu kwenye simu. Akiwa katika kutafuta, kaingiza tela mtaroni. Loretta alikuwepo na wanafunzi wake. Wametuokotea maboga yote. Afadhali angenicheka.

Jumatatu, 16 Oktoba
Televisheni nzima ni habari moja. Mwezi Agosti mitambo ilinasa nyota mbili mfu zikigongana, mbali kiasi kwamba mwanga wake umesafiri miaka zaidi ya milioni mia moja. Mvutano na mwanga vimefika karibu pamoja, tofauti haifiki sekunde mbili. Kasi ni moja, wanasema. Loretta kanipigia. Hakunisimanga. Kasema yeye hesabu anaziweza ila watu husinzia, mimi nikieleza wanasikiliza, tushirikiane. Kidogo nilainike. Nikamwambia nitafikiri.

Jumanne, 17 Oktoba
Nimeshindwa, kura kumi na tisa kwa mbili. Moja ni yangu. Nilimshukuru Duilio, akasema yeye kampigia kura Loretta, aliyeahidi keki kila mkutano. Ya pili ilikuwa ya Loretta mwenyewe. Kasema aliona aibu kujichagua. Sikujua niangalie wapi. Nilimsaidia kupanga viti.

Kisha nikasoma gazeti vizuri. Imeandikwa: mvutano ulifika kwanza, mwanga ukafuata baada ya sekunde moja na kitu. Nimempigia simu Dokta Menconi. Anadai mwanga ulichelewa kuondoka, si njiani. Visingizio vya aliyeshindwa mbio hivyo. Nimefundisha miaka thelathini, navijua. Nimemwandikia mhariri barua ya kurasa tisa. Nimetia sahihi: Nevio Scarpellini, Mwenyekiti.